Kisanduku cha Mkalimani

Mtaani walimwita Dada Kisanduku, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya kile kisanduku cha pembeni mwa televisheni, chini upande wa kulia, wakati wa taarifa ya habari ya jioni, akiwatafsiria viziwi kwa lugha ya alama kila kitu kinachotoka mdomoni mwa msomaji. Sokoni wauza nyanya walimwona kwa mbali wakaanza kuchezesha mikono hewani. "Dada Kisanduku, jana ulikuwa unasema nini? Maana ulihangaika kama mtu aliyevamiwa na nyuki!" Naye aliwajibu kwamba alisema bei ya nyanya imeshuka, na hapo walinywea, wakampimia.

Alizaliwa na baba kiziwi na mama kiziwi. Baba alikuwa fundi viatu, mama fundi cherehani. Lugha ya mikono aliipata nyumbani, ya mdomo akaiokota kwa majirani, na alipofika miaka sita alikuwa tayari ndiye mdomo wa nyumba ile: kwa mwenye nyumba, kwa daktari, kwa mwalimu mkuu aliyewaita wazazi kuwaambia kwamba binti yao ni mtundu kupindukia. Hilo la mwalimu mkuu alilitafsiri kwamba ni mwerevu kupindukia, akanunuliwa soda. Alipokuja kusomea kazi yenyewe akafundishwa kwamba alichofanya siku ile ni dhambi kubwa kuliko zote. Mkalimani haongezi, hapunguzi, hapambi.

Na kuna sheria nyingine, ambayo huwachekesha sana watu wasioijua. Mkalimani anapomsemea kiziwi, hasemi "anasema ana njaa." Anasema "nina njaa." Ile "mimi" si yake, ni ya mwenye mikono. Ndiyo maana siku moja hospitalini alimtazama daktari usoni akamwambia, kwa sauti yake nyororo, "Mimi nina tezi dume na inanisumbua mkojo," na nesi akatoka nje kwenda kucheka vizuri. Siku nyingine, kwenye ndoa ya kijana kiziwi, ni yeye aliyetamka "ndiyo, nakubali kumwoa," na tangu siku hiyo mashangazi wa bibi harusi kila wakikutana naye humwuliza kama mkewe hajambo. Alizoea. Hata aliona fahari kwamba anaweza kuiazima nafsi ya mtu saa nzima na kuirudisha bila doa.

Sasa tuje kwenye kisanduku chenyewe. Kilipoanza kilikuwa kikubwa, karibu robo ya kioo, na mikono yake ilionekana mpaka kucha. Kituo kilikuwa na mali wakati ule. Kiliishi kwa matangazo ya biashara, na wafanyabiashara walipanga foleni. Halafu vikaja vituo vya mpira, ikaja mitandao, kila mtu akawa na televisheni yake mfukoni, na wafanyabiashara wakaondoka mmoja mmoja bila hata kuaga. Kituo kikaanza kuyumba. Walipunguza madereva, wakapunguza waandishi, na kisanduku nacho wakakipunguza, kwa sababu nafasi ya kioo ni bidhaa na mikono ya mkalimani haina mnunuzi. Kilitoka robo kikawa kama bahasha, kikatoka bahasha kikawa kama kiberiti. Mwaka mmoja akaletwa mwongozaji mpya, kijana wa suti, akaagiza kamera isogezwe usoni ili "dada apendeze." Kwa wiki nzima viziwi wa nchi nzima walitazama kichwa kizuri kinachotingishika, mikono imekatwa chini ya kioo. Hebu fikiria ujinga ule, kumpiga picha mkalimani wa alama ukaiacha mikono yake nje.

Kilichomtia moyo ni mama yake. Kila jioni, taarifa ikiisha tu, kabla hajatoka kwenye kile chumba kidogo chenye pazia la kijani, simu yake ilitetemeka. Ujumbe ulikuwa neno moja, lilelile kila siku: *Nimekuona.* Basi. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi hata kwa mikono. Dada Kisanduku alilisoma lile neno, akafuta jasho, akapanda basi kurudi kwenye vyumba vyake upande wa pili wa mji, na moyo wake ulikuwa umetulia.

Siku ya maji ilikuwa Jumanne. Bomba kuu lilipasuka karibu na mfereji wa maji taka, uchafu ukaingia kwenye maji ya mji, na wagonjwa wa kuhara wakaanza kujaa hospitalini. Taarifa ilikuja wakati msomaji keshafika katikati ya habari, na ilidumu dakika nne: msinywe maji ya bomba, chemsheni, wazee na watoto wako hatarini. Dada Kisanduku hakuwa amewahi kufanya kazi kama ile. Alisema *maji*, akasema *sumu*, akasema *msinywe*, akalirudia mara tatu mpaka mabega yakamuuma. Simu ikatetemeka saa ileile ya kila siku. *Nimekuona.* Akashukuru Mungu, akaitia simu kwenye mkoba, akaenda zake. Hakuandika ujumbe wa kuwaonya wazazi wake. Aandike wa nini? Keshaonekana.

Baba alianza kutapika Alhamisi. Jumamosi alifia wodini, kwenye kitanda cha wagonjwa wa kuhara, kilichokatwa tundu katikati, mzee aliyekuwa na mikono mipana ya kushona soli, amebaki ngozi na mifupa kwa siku mbili. Majirani walilia kwa uchungu wa kweli, maana kila mmoja alidhani mwenzake amewaambia wale wazee. Na tena, binti yao si ndiye mwenye kutangaza?

Wiki moja baada ya maziko, fundi wa picha wa kituo alimsubiri kwenye ngazi. Ndiye aliyekuwa akikaa kwenye mitambo na kuchanganya kila kinachoonekana kwenye kioo: sura ya msomaji, maandishi, matangazo, kisanduku. Zamani kazi ile ilikuwa ya watu watatu.

"Dada, kuna kitu kinaninyima usingizi," alisema. "Siku ile ya maji. Ile ndoo."

Ndoo ilikuwa tangazo la kampuni ya rangi, karibu mdhamini pekee aliyebaki. Kila jioni iliibuka pembeni, ikainama, ikamwaga rangi ya buluu kwa sekunde kumi, ikaondoka. Mdhamini aliitaka pembe ya chini kulia, na pembe ile haikuwa na mtu ila Dada Kisanduku.

"Taarifa iliingia ghafla. Mimi niko kwenye maandishi, niko kwenye simu na watu wa maji, peke yangu. Ndoo nikaisahau. Imekaa juu yako dakika zote nne, Dada. Nimekuja kuiona kwenye marudio."

Dada Kisanduku alishika ukingo wa ngazi. Mle kwenye chumba cha pazia la kijani kulikuwa na kioo kidogo cha televisheni cha kujitazama, lakini kilimwonyesha yeye peke yake; vilivyowekwa juu yake huko nje hakuwahi kuviona.

"Mama aliniandikia," alisema. "Aliniandikia kwamba ameniona."

Fundi wa picha alijifuta uso kwa mkono. Alikuwa analia, mtu mzima na funguo zake kiunoni.

Swali lile alitembea nalo miezi mitano. Kama ndoo ilimfunika, mama aliona nini? Hakuthubutu kumwuliza. Alihamia kwa mama ili asilale peke yake, wakala pamoja, wakakunja nguo za marehemu pamoja, na kila alipoinua mikono kuuliza, mikono ikaishia kusema jambo jingine. Kazini hakuacha, na wala msimlaumu. Kisanduku kikiondoka na chenyewe, siku nyingine ya maji nani atawaambia viziwi? Aliuma meno, akasimama mbele ya pazia la kijani kila jioni.

Ndipo ikaundwa kamati ya kuamua kama vituo vya televisheni vinavyoyumba vinastahili kupewa fedha za umma. Kituo chao kiliomba. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada, wewe ndiye turufu yetu," alisema. "Habari za mpira hata wenzetu wanazo. Wewe hawana. Niletee viziwi wako, kumi hivi, wakae mbele. Utawatafsiria palepale, kamati ione kwa macho yake."

Ile "viziwi wako" ilimkera, lakini aliinyamazia, kwa sababu safari hii alizitaka zile fedha kuliko mkurugenzi mwenyewe. Alitaka kisanduku kirudi robo ya kioo. Alitaka fundi wa picha apate wenzake wawili. Alikuwa na baba mmoja tu, amekwisha kumzika, na alitaka kifo kile kizae japo kitu hicho. Mama alipopata habari za kamati alisema atakuja. Alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya mazishi.

Ukumbi ulikuwa na zulia, meza ya nusu duara, wajumbe saba na chupa za maji zilizofungwa kwa karatasi ya plastiki, moja moja kwa kila mheshimiwa. Viziwi walikaa mstari wa mbele. Dada Kisanduku alisimama pembeni yao, na mbele yake waliweka kipaza sauti, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amemwandika kama shahidi wa kituo. Kinasa sauti kidogo chenye taa nyekundu kilikuwa mezani. Karani wa kuandika hakuwepo; angesikiliza baadaye, ofisini kwake.

Mjumbe wa kwanza kuuliza alikuwa tajiri wa magodoro. "Mkurugenzi, mimi godoro langu lisiponunuliwa, nani ananipa fedha za umma? Watu wamewakimbia. Kwa nini mlipa kodi alipie kitu ambacho amekwisha kukipa kisogo?"

Ukumbi ulicheka. Swali halikuwa la kijinga, Dada Kisanduku mwenyewe alikubali moyoni, huku mikono yake ikilipeleka kwa mstari wa mbele, godoro na yote.

Mkurugenzi alisimama akajirekebisha koti. "Mheshimiwa, godoro halimwambii mtu kwamba maji yana sumu. Hakuna mfanyabiashara chini ya jua atakayelipia mkalimani, kwa sababu kiziwi haongezi mauzo. Kitu ambacho wote wanakihitaji na hakuna anayekinunua, kukilipia hicho ndiyo kazi ya fedha za umma."

Hapo alisema kweli, na alisema vizuri. Laiti angekaa. Lakini aliona vichwa vinatikisika, akanogewa, akaanza kutia chumvi. "Siku ile ya maji, waheshimiwa, sisi tulitangaza wa kwanza. Na kwa lugha ya alama! Dada huyu mnayemwona alisema yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosa hata neno moja, na viziwi wote wa mji huu walimwona."

Mkalimani haongezi, hapunguzi. Dada Kisanduku aliinua mikono na kumwambia mama yake, mjane, kwamba viziwi wote wa mji huu walimwona.

Mama alinyosha mkono juu.

Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alimruhusu. Mama akasimama, akawageukia wajumbe, akaanza. Binti yake akausogelea ule mdomo wa kipaza sauti na kufanya kazi yake.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema Dada Kisanduku. "Nina miaka sabini na moja." Watu wachache walicheka kidogo. "Jioni ile nilikaa mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo. Pale pembeni palikuwa na ndoo ya rangi. Niliisubiri iondoke, haikuondoka. Taarifa ilipoisha nikaandika ujumbe wangu wa kila siku. Niliandika *nimekuona*."

Mama aliwasogelea wajumbe hatua moja, akaendelea.

"Sikuwa nimeona kitu. Siku ile wala kabla yake. Ni miaka minne sioni kitu. Kisanduku kimekuwa kidogo, macho yangu yamechoka, mikono naiona kama sisimizi, na maandishi yanayopita siwezi kuyasoma. Lakini kila siku niliandika *nimekuona*, kwa sababu yeye anaipenda kazi yake, na nilijua akisikia kwamba mama yake mwenyewe haoni, ataumia."

Mkurugenzi alikuwa ametoa macho. Dada Kisanduku aliona kinachokuja, alikiona kwenye mabega ya mama kabla hakijafika kwenye vidole, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akalitamani lile neno lililokatazwa. *Anasema.* Neno moja tu, na ile "mimi" ingerudi upande wa pili wa kipaza sauti, kwa mwenyewe. Hakulisema.

"Marehemu mume wangu aliomba maji," alisema. "Jikoni kulikuwa na bomba. Mimi ndiye niliyempa. Nilimpa kikombe cha kwanza, akaomba cha pili, nikampa. Kesho yake nikampa tena. Mimi ndiye niliyempa maji."

Mjumbe mmoja aliyekuwa ameshika chupa yake aliirudisha mezani polepole.

Mama hakuwa amemaliza. Alisema hakuja kuomba kituo kifungwe. Kwanza aliwaomba wakipe fedha. Lakini wasizipime kwa vitabu vya mkurugenzi, wazipime kwa mikono: mtu akae mwisho wa chumba, kama anaiona mikono vizuri, basi fedha zimefika. Dada Kisanduku alilitafsiri hilo pia, neno kwa neno, lakini kufikia hapo sauti yake ilikuwa imeshuka mno, na kinasa sauti kilikuwa kidogo. Mwenyekiti alishukuru, akaahirisha kikao kwa chakula.

Ripoti ilitoka baada ya wiki tisa. Mkurugenzi alimwita tena ofisini, safari hii bila kiti cha wageni, akamsukumia karatasi juu ya meza. Karani, huko ofisini kwake, alikuwa amesikiliza kanda ile na kusikia sauti moja ya mwanamke. Kinasa sauti hakina macho. Akaandika alichokisikia, wajumbe wakatia saini bila kusoma, kama ilivyo desturi yao, na ukurasa wa thelathini na moja ukasomeka hivi: *Mkalimani wa kituo, baada ya mzaha kuhusu umri wake, alikiri mbele ya kamati kwamba hakuwa anaona kitu kazini kwa miaka minne, na kwamba ndiye aliyempa marehemu maji yale baada ya onyo kutangazwa. Maneno yaliyobaki hayakusikika. Kamati haishauri fedha za umma zitolewe kwa kituo chenye watumishi wa namna hii.*

"Ulikuwa turufu yangu," mkurugenzi alisema. Hata hasira hakuwa nayo. Alionekana kama mtu aliyezeeka tangu asubuhi. "Huduma ya alama tunaisimamisha leo. Na wewe, Dada, sina la kufanya."

Dada Kisanduku alimpigia karani simu kutoka kwenye ngazi. Karani aliongea naye kwa adabu zote. "Pole sana, Dada. Kama kuna kosa la nani kasema nini, leta barua ndani ya siku kumi na nne. Onyesha sentensi yenye kosa, andika ilivyotakiwa isomeke. Tutarekebisha, wala haina shida."

Siku ya kumi na mbili, jioni, alikaa mezani kwa mama, karatasi mbele yake na kalamu mkononi. Barua ilikuwa rahisi. *Aliyempa maji si mimi, ni mama yangu.* Ni hivyo tu. Kwa sentensi hiyo angerudisha jina lake, pengine na maombi ya kituo yangefunguliwa upya, na fedha zingekuja, na kisanduku. Alishika kalamu tangu mchana. Alijua pia nani alitia simu kwenye mkoba akaenda zake, wakati ujumbe mmoja kutoka kwake, *usinywe maji*, ungetosha. Alilitafuta kosa la karani kwenye ile sentensi ya ripoti, akalikosa.

Televisheni ilikuwa imewashwa, bila sauti, kama ilivyokuwa siku zote katika nyumba ile. Msomaji alikuwa anafungua na kufunga mdomo. Pale chini kulia ndoo iliibuka, kubwa kuliko zamani, ikamwaga buluu yake kwa raha zote.

Mama aliikunja kazi ya cherehani, akaja kukaa karibu. "Wameandika nini?" aliuliza kwa mikono. "Siku zote hizi unaniambia bado. Nitafsirie."

Binti aliweka kalamu chini. Haongezi, hapunguzi. Alitafsiri sentensi yote, marehemu, maji, onyo, na alipofika kwa aliyetoa yale maji, akafanya alama ambayo hata mtoto mchanga anaijua, akajielekezea kidole kifuani. *Mimi.*

Mama alikitazama kile kidole. Akaelewa. Akakishika kwa mkono wake mgumu wa kushona, akakivuta kutoka kwenye kifua cha mwanawe, akakigeuza na kukibonyeza kwenye kifua chake mwenyewe. *Mimi.*

Dada Kisanduku akakivuta kurudi kwake.

Mama akakivuta tena, kwa nguvu zaidi, machozi yakimtoka, na binti naye hakukubali kukiachia. Wakakaa hivyo wakivutana kidole kimoja juu ya ile barua isiyoandikwa, na kwenye kioo msomaji akamaliza taarifa, akakusanya karatasi zake, akawatakia wote jioni njema.